Mtaa Unaohama Kabla ya Kura

Hapa mtaani kwetu Kitale huhitaji redio kujua uchaguzi umekaribia. Angalia tu magodoro. Yakianza kufungwa kamba na kupakiwa kwenye pikapu, ujue ni wiki ya mwisho. Baba yangu ni Mkikuyu aliyezaliwa papa hapa karibu, Moi's Bridge, mama ni Mbukusu wa Bumula. Wakati wa kura Wakikuyu huambiwa hapa si kwao, kwa hivyo kila uchaguzi tunakimbilia Bumula kwa kukhu, mama yake mama, na tukirudi tunakuta mheshimiwa ameshachaguliwa.

Safari hii na mimi nilikuwa nimejiandikisha kupiga kura.

Mkutano wa kampeni wa mgombea ubunge mmoja ulipoisha, vijana wake waliingia sokoni wakapindua meza za viazi, ya baba pia. Si meza zote. Walijua za kuchagua. Mmoja akamwambia baba, "Mzee, si uende kwenu mapema, barabara bado iko wazi." Watu wakacheka. Baba aliokota viazi vyake. Jioni magodoro yetu yakafungwa kamba.

Bumula, mjomba alitupokea na mizaha yake. "Karibuni wageni wa miaka mitano. Shemeji, si tukujengee hapa kabisa?"

Tukiwa mezani akatueleza kwa nini yule anayetaka ubunge kule kwetu hapotezi usingizi. "Atawaza nini? Kura zenu ziko hapa, zinanyonya mifupa ya kuku."

Wote walicheka, hata baba. Mimi huwa siongei mbele ya watu. Darasani mwalimu akiniita tu, nainamia daftari. Lakini maneno ya mjomba yaliniwasha. Kumbe hawana haja ya kutuua. Wanatutisha kidogo tu, tunajihamisha wenyewe, halafu mtu anaenda kukaa bungeni Nairobi kwa sababu sisi tuliogopa.

Nikasema, "Mimi narudi Kitale kupiga kura."

"Ati unarudi na nani?" mama akauliza.

"Na wewe, ukitaka."

Kukhu akasema, "Mwacheni. Leo amepata mdomo."

Baba alinawa mikono polepole. "Mtoto wangu, kura moja si kitu."

"Kama si kitu, mbona walipindua meza yako?"

Akajifuta mikono akaondoka mezani. Nililala nikijua nitaenda peke yangu, na niliogopa sana, sitadanganya. Lakini siku ya kura, kabla jua halijatoka, nilimkuta baba nje amevaa koti lake la kanisani. Akaniuliza kama nimebeba kitambulisho. Basi.

Kwenye foleni kule Kitale tulikutana na yule kijana wa sokoni.

"Mzee, si ulisafiri wewe?"

Baba akaangalia chini. Nikajibu mimi. "Tulisafiri. Tumerudi."

"Huyu msichana ana mdomo, bana."

"Na kura pia."

Sauti yangu ilitetemeka, lakini ilitoka. Mama mmoja mbele yetu akageuka, akatuangalia, akasogea ili baba apate kivuli.

Yule mgombea wao alishinda, akawa mheshimiwa. Nilidhani nitalia, sikulia. Soko lilipofunguliwa tena, baba alipanga viazi vyake palepale, na mimi nikaketi kando yake nikiwaangalia wapita njia machoni, kitu ambacho sijazoea. Mheshimiwa akitaka kushinda tena, sawa, ashinde. Lakini atushinde tukiwa kwenye foleni.