Zamu ya Maji na Gia ya Pili

Niliondoka Daraja Mbili asubuhi na mapema bila kujua naelekea wapi. Nilikuwa na blanketi, debe tupu, na gari la viti viwili nililolinunua siku tatu kabla kwa mzungu wa shamba la kahawa aliyekuwa akirudi kwao. Akiba yote ya miaka yangu ya utingo iliishia humo. Wenzangu wa kwenye malori walishatabiri: "Utarudi unavutwa na ng'ombe." Niliacha shule darasa la nne, nikaacha kazi tano baada ya hapo, na asubuhi ile nilitaka jambo moja tu: nifike mahali, popote, bila kuvutwa.

Ugonjwa wa gari niliujua siku ya kwanza. Gia ya pili ilikuwa inaruka. Ukiiweka na kuiachia, inarudi katikati na injini inapiga kelele bure. Ilibidi mkono wa kushoto uishikilie muda wote, na wa kulia uongoze. Kwenda Nairobi kupitia Ngaramtoni ni kupanda, kwa hiyo nikashika barabara ya Moshi, inayoteremka.

Ningebaki huko, ningefika mbali. Lakini baada ya Tengeru niliona njia ya vumbi inayopanda kwenye migomba kuelekea mlimani, nikataka kujua inaishia wapi. Sikufika hata kona ya tatu. Mvuke ulitoka kwenye boneti. Nikafungua, nikakuta mpira wa maji wa rejeta umepasuka.

Kando ya njia kulikuwa na mfereji mwembamba, na gogo la mgomba limelala ndani yake pamoja na matope. Niliona ni takataka iliyoletwa na maji. Nililiondoa ili debe lipate nafasi, nikachota, nikarudi kwenye gari kusubiri injini ipoe.

Mama mmoja wa makamo akaja akipanda kwa haraka, jembe begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Gari lako linakunywa maji ya nani?"

"Ya mfereji, mama."

"Mfereji una zamu. Leo ni yangu. Nimesimama kwenye maharage yangu nasubiri maji, kumbe umeyafungulia yakaenda kwa jirani."

Nililitazama lile gogo nililolitupa majanini, nikaelewa. Ndilo lililokuwa mlango wa maji.

"Naomba radhi. Sikujua."

"Maharage nayo hayajui. Saa zangu zimeisha, zamu nyingine ni wiki ijayo, na yameanza kunyauka." Akaniwekea jembe mkononi. "Aliyevunja maji huyarudisha kwa jembe. Hata mchungaji wetu alishachimba."

"Mchungaji alikosa nini?"

"Alisinzia kwenye zamu yake, maji yakaingia jikoni kwa watu."

Akashuka kuzungumza na jirani. Aliporudi alisema jirani amekubali kumpa nusu ya zamu yake ya kesho alfajiri, mradi mimi nizoe matope ya mfereji hadi kwenye mpaka wake, na kesho nifungue maji mwenyewe. Nilizoa mpaka jua likaanza kulala. Yeye alikaa ukingoni akichambua maharage makavu na kulikagua gari langu.

"Viti viwili tu? Mizigo unaweka wapi?"

"Halibebi mizigo."

"Na ndugu zako?"

"Hawajaomba lifti."

Akacheka kidogo. "Gari la mtu asiye na kwao."

Nilipomaliza, alinitafutia kipande cha tyubu ya baiskeli na kamba ya mgomba. Nikauzungushia ule mpira mara nyingi, nikakaza, nikajaza maji. Injini ikawaka. Tone moja likatoka, nikasubiri la pili. Halikuja.

"Nyumba yangu iko juu kule," alisema. "Utalala kwenye chumba cha kahawa. Nataka nikuone alfajiri."

Tatizo lilikuwa kona. Njia ilipinda kama utumbo, na kwa mkono mmoja nisingeweza. Nikamwomba aingie.

"Nishike nini?"

"Hiki kirungu cha gia. Kivute kwako, usikiachie hata kikikupiga."

Akaweka jembe lake wima katikati ya magoti, akaishika gia kwa mikono miwili kama anayemshika mbuzi pembe. Tukapanda. Majirani walitoka migombani kututazama. Jirani mwenye zamu ya kesho akaita kwa Kimeru, naye akamjibu bila kugeuza kichwa.

"Anasemaje?" niliuliza.

"Anauliza nani anamwendesha nani."

Uani nilizima injini. Gia ilikuwa bado mkononi mwake. Ilibidi nimwambie aiachie. Chumba kilikuwa na magunia ya kahawa, kitanda cha kamba, na dirisha linaloutazama mfereji. Nikatandika blanketi langu, nikaweka jembe karibu na mlango.