Mama Kizimbani kwenye Ngome ya Mbao

Toronto haina kasri la wafalme wa kale. Lakini kiangazi kile, mwanzoni mwa miaka ya 2010, watu fulani walijenga ngome ya mbao kwenye uwanja mmoja North York, wakaipaka rangi ya mawe, na kila wikiendi wakawa wanaigiza maisha ya Ulaya ya zamani. Binti yangu, mwenye miaka tisa, alining'ang'ania twende. Mama alikuwa amekuja kututembelea kutoka Shinyanga, tukaenda naye.

Mwanzoni alifurahi sana. Alimsifu mhunzi, akawaonea huruma farasi kwa kubebeshwa wanaume waliovaa vyuma mwili mzima. Jua lilipokuwa kali niliwaacha kwenye benchi za mbele ya jukwaa, nikaenda kupanga foleni ya maji.

Niliporudi, umati ulikuwa unapiga kelele. Mama yangu alikuwa amesimama jukwaani na kitenge chake, kichwani wamemvika kofia nyeusi iliyochongoka, mikono imefungwa kamba. Alikuwa anatabasamu. Mwigizaji mwenye joho la hakimu alikuwa amemwinamia na kumpandisha kwa adabu, naye akadhani anaheshimiwa kama mgeni mzee.

"Mchawi huyu!" hakimu alipaza sauti kwa Kiingereza. "Tumfanye nini?"

Watu wazima na watoto wao wakajibu kwa pamoja, "Achomwe!"

Nilipanda jukwaani. "Mfungue mama yangu."

"Ni mchezo tu, tunakaribia kumaliza," alininong'oneza. Kisha akageukia kipaza sauti: "Mchawi kaleta msaidizi wake!"

Wakacheka. Nilibwaga chupa za maji chini, nikafungua fundo mwenyewe.

"Kwani walikuwa wananiitaje?" Mama aliuliza.

Binti yangu, ambaye siku zote alitujibu kwa Kiingereza, alikuwa amenifuata. "Mchawi, Bibi," alisema kwa Kiswahili.

Mama akaivua ile kofia. "Mwambie huyu bwana," aliniambia, "mama yangu mdogo walimkata mapanga kwa neno hilo. Eti macho yake mekundu. Moshi wa jikoni ule! Mwambie maiti yake niliiosha mimi."

Nikamwambia yote kama alivyosema. Akajibu kwamba anasikitika kama bibi amejisikia vibaya. Kama! Akaongeza kwamba huwa wanachagua wazee kwa sababu watazamaji wanawapenda. Hatujafika hata kwenye benchi, nikamsikia anauliza nani mwingine angependa kushtakiwa.

Ndani ya basi la kurudi nyumbani Thorncliffe, Mama alinigeukia.

"Na huku waliwachoma kweli?" aliuliza.

"Ndiyo, Mama. Kule kwao Ulaya, zamani."

"Wengi?"

"Wengi."

"Sasa hao waliochomwa hawakuacha ndugu? Hata mmoja wa kuwaambia hawa waache kucheka?"

Jumatatu nilipiga simu kwa waandaaji. Msimamizi alinisikiliza kwa upole, akaniambia igizo lile ndilo linalopendwa kuliko yote na hawawezi kuliondoa, ila angefurahi kututumia tiketi za bure, familia nzima. Alikuwa bado ananiuliza anwani yangu nilipokata simu.