Siku Niliyonyoosha Kidole Ndani ya Ndege

Watu wakisikia kwamba nimezaliwa na kuzeekea Old Moshi, kule juu karibu na msitu, halafu naogopa ndege, hucheka. Wanadhani mtu wa mlimani ameshazoea kuwa juu. Huwa nawajibu kwamba mlima umeshikwa na dunia. Ukidondoka mlimani unaangukia migomba ya jirani, mnagombana, yanaisha. Ndege imeshikwa na nini?

Jibu la kitabuni nalijua. Nimefundisha sayansi shule ya msingi mpaka nikastaafu, na kila mwaka nilikuwa nachukua kipande cha karatasi, nakipuliza kwa juu, kinainuka, darasa linapiga makofi. "Hivyo ndivyo ndege inavyopaa," nilikuwa nasema, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Sikuamini hata kidogo. Karatasi haina abiria.

Kwa hiyo kwenda Mwanza kwa binti yetu, aliyeolewa huko, siku zote nilikuwa napanda basi. Ni safari ya kutwa nzima na nilikuwa nafika miguu imevimba, lakini nilifika. Hata alipopata ujauzito mpango ulikuwa huo huo. Siku zake zikikaribia ningepanda basi, nikae naye miezi mitatu, nimpikie mtori, kama mama yangu alivyonifanyia mimi na kama akina mama wa Kichagga wanavyowafanyia binti zao. Kwetu mwanamke aliyejifungua hashiki jembe wala ufagio. Anakaa ndani, anakula, ananenepa.

Mtoto hakusubiri mpango. Asubuhi moja mkwe wangu alipiga simu. Binti yetu alikuwa amejifungua kwa upasuaji usiku, mtoto wa kike, mzima kabisa. Lakini mama mtu alikuwa amepoteza damu nyingi, na tangu azinduke hakutaka chakula. Akiletewa uji anageukia ukutani. "Daktari anasema lazima ale," mkwe wangu alisema. "Mimi nimeshindwa, mama."

Basi la siku hiyo lilikuwa limeshaondoka, na la kesho yake lingenifikisha usiku. Mume wangu, aliyepandisha wageni kileleni mpaka magoti yake yakagoma, alitoka nje na simu, akaongea huko kwenye shamba la kahawa, akarudi.

"Kuna ndege alasiri," alisema. "Nafasi ipo. Ni wewe tu."

Nikaenda jikoni kumenya ndizi. Alifikiri nimekataa. Lakini mtu haendi kwa mzazi mikono mitupu, na mikono yangu ilihitaji kazi, maana nilikuwa naogopa. Nilichemsha ndizi mshare na nyama ya mbavu, nikaziponda, nikatia maziwa na siagi, nikaujaza mtori kwenye hotpoti na kulifunga kwa khanga.

Jirani ninayeimba naye kwaya alikuja kuniombea. Aliomba vizuri sana mpaka alipofika kwa rubani. "Bwana, ishike mikono yake isitetemeke, yafumbue macho yake aone." Nikafungua macho katikati ya sala. Kwani huyo rubani ana nini?

Tulishuka na pikapu ya kubebea maziwa. Kila tulipoingia shimoni mume wangu alinigusa bega na kuniambia kwamba mitikisiko ya angani haizidi hapo. Alisema kwa nia njema kabisa. Nilitamani kumshusha.

Uwanjani, kwenye mashine ya kukagulia mizigo, dada mwenye sare alifungua khanga yangu, akafunua hotpoti, akanusa.

"Shikamoo, mama. Huu si mtori?"

"Marahaba. Ni wa mzazi."

"Pole, lakini vitu vya majimaji haviruhusiwi kupita."

"Majimaji yako wapi?"

Nikachomeka kijiko katikati ya mtori. Kikasimama wima. Watu wa kwenye foleni wakasogea kuangalia. Yule dada alikitazama kile kijiko kwa heshima, ila hakutaka kushindwa.

"Mae! Kwetu Kibosho mtori unamiminika, mama."

"Basi wa Kibosho uzuieni," nilimwambia. "Huu ni wa Old Moshi."

Alicheka mpaka akaegemea meza. Akamwita mkubwa wake, mzee mwenzangu, ambaye alikitikisa kijiko mwenyewe kisha akaniuliza nani mgonjwa. Nikamweleza yote. "Mpitisheni mama," alisema. "Hiki ni chakula."

Nilipoketi kusubiri ndipo nikagundua kwamba muda wote wa ule ubishi sikuwa nimeogopa. Hasira ilikuwa imekalia benchi lote, hofu ikakosa pa kukaa. Nikaamua nitakwenda hivyo hivyo mpaka Mwanza. Nitatafuta vya kunikasirisha.

Havikukosekana. Ngazi zilikuwa nyembamba. Kiti kilikuwa cha mtoto wa chekechea. Bwana niliyekaa naye aliweka kiwiko chake upande wangu, nikakirudisha kwao kwa kukisukuma na hotpoti. Halafu mhudumu akasimama katikati kutufundisha mambo ya usalama, na hapo ualimu wangu wote ukanipanda kichwani. Alifundisha harakaharaka huku akiangalia ukuta wa nyuma, hakuuliza kama tumeelewa, na darasa zima lilikuwa linachezea simu. Nikanyoosha kidole.

Hakuniona. Nikapiga vidole, ile kelele ya wanafunzi wangu niliyoichukia miaka yote.

"Ndiyo, mama?"

"Rudia hapo kwenye barakoa ya hewa. Umesema mama avae kwanza, ndipo amvalishe mtoto?"

"Ndiyo, mama. Unaanza wewe."

"Haiwezekani. Ni mama gani huyo?"

Simu zikashuka. Mhudumu alifikiri kidogo, nami nikaanza kumpenda, maana wengi hawafikiri.

"Mama, ukizimia wewe, mtoto atavalishwa na nani?"

Nikamwambia jibu ni sahihi, ila aturudishe mwanzo, polepole, na safari hii atuangalie usoni. Bila shaka alikuwa na haraka zake, lakini alirudia. Bwana wa kiwiko alisikiliza hadi mwisho na kuuliza swali lake kuhusu boya.

Magurudumu yalipoachia ardhi, hasira yote ikanikimbia. Nilitafuta kitu chochote cha kununia nisikione. Dirishani, mlima wangu ulikuwa pembeni badala ya kuwa juu. Sikuwa nimewahi kuuona ukiwa pembeni, na sikupenda. Nikakishika kile kiwiko nilichokuwa nimekifukuza, nikafumba macho, na mwenye nacho, Mungu ambariki, aliniachia mpaka tulipotua. Njia nzima nilikuwa nasema neno moja tu moyoni: atakula.

Mkwe wangu alinipokea uwanjani, tukafika hospitali jioni. Binti yangu alikuwa amelala ameupa ukuta uso, mtoto kifuani. Nilipomwita aligeuka taratibu, akanikazia macho kama mtu aliyeamshwa usingizini.

"Mama? Leo hii? Umekujaje?"

"Kwa ndege."

Uso ukamkunjamana, akalia kama alivyokuwa akilia utotoni, mdomo wazi, bila aibu.

"Nilimkataza asikupigie," alisema. "Niliogopa utaambiwa, halafu bado upande basi."

Neno hilo lilinichoma, na papo hapo nikafurahi kuliko nilivyowahi kufurahi, kwa kuwa nilikuwa nimesimama pale. Nikaketi ukingoni mwa kitanda, nikafungua chakula, nikaanza kumlisha. Alimeza. Akafungua mdomo tena, akameza. Kijiko kilichofuata hakikufika, kwa sababu mkono wangu ulikuwa unaruka. Nikaushika na ule mwingine, ukaruka nao. Magoti yakafuata, kisha meno. Hofu yote niliyoikimbia mchana kutwa ilikuwa imetangulia Mwanza kunisubiri.

Binti yangu akaninyang'anya kijiko. Akajisogeza ukutani kidogo kidogo, na mshono wake, na mtoto wake kifuani, akapigapiga godoro mahali palipobaki.

"Panda ulale, mama."

"Nitakubana mshono."

"Panda."

Nikavua viatu, nikapanda. Tukalala hivyo watu watatu kwenye kitanda cha mtu mmoja, mimi nikitetemeka na yeye akijilisha mwenyewe, mpaka muuguzi wa zamu alipopita. Alitutazama, akaangalia karatasi zake, akatutazama tena, akauliza kwani mgonjwa hapa ni yupi.

"Wote wawili, dada," binti yangu alisema, mdomo umejaa. "Huyu amekuja kwa ndege."