Valens Aliyeipa Ngobi Magurudumu

Watu wa mlima wetu wakimtaja marehemu mume wangu Valens husema alikuwa mtu mpole. Waongo hao. Valens alikuwa na kichwa kigumu kuliko mbuzi, na huo upole wanaousifu ulikuwa kwamba hakujibu unapomgombeza, huku mikono yake ikiendelea na lile lile ulilomkataza. Nimelala naye kitanda kimoja, nimemfokea mpaka sauti ikanikauka. Mimi Gentille ndiye ninayejua.

Kuchomelea vyuma alijifunza Kirolirwe, nchi ya ng'ombe, akitengeneza mageti ya mazizi na pikipiki za wachuuzi wa jibini. Tulipooana alirudi kwao na jenereta kuukuu, akafungua ateliya, karakana yake mwenyewe, pale kijia cha mlima wetu kinapokutana na barabara ya Mweso. Vibao vinne na bati, basi. Alichukua pikipiki ya dukani akaigeuza iwe mnyama mwingine: springi mbili za nyuma, keria ndefu ya kubeba magunia ya maharagwe, minyororo kwenye tairi kwa ajili ya tope la Walikale. Waendesha pikipiki walimpenda sana. Tungeishi hivyo vizuri tu, kama si kifo cha Tumukunde.

Tumukunde alikuwa mdogo wake Valens. Kwetu mgonjwa hubebwa na ngobi, kitanda cha matete kilichofumwa kwenye miti miwili, na kila nyumba inatoa mwanamume wa kuweka bega mpaka hospitali ya Mweso. Vita ilipofika, wenye bunduki waliweka barieri, vizuizi vyao, njiani. Lakini ngobi yenye mgonjwa, ikiwa mabegani, waliiachia ipite. Sijui kwa nini. Labda na wao waliwahi kubebwa na baba zao. Taabu ilikuwa kurudi. Ngobi ikirudi tupu, wanaume wenye nguvu walikamatwa wabebeshwe risasi. Tumukunde alibebeshwa masanduku mawili, akaanguka kwenye mteremko, wakampiga na vitako vya bunduki mpaka akaacha kupumua. Tulimkuta taya limehama upande. Mama mkwe wangu alilirudisha kwa mikono yake, akalifunga na kitambaa, ndipo akalia.

Valens hakulia. Alirudi ateliya akaanza kukata mabomba. Alitaka kitu kimoja tu maishani kuanzia siku ile: chombo cha kumpeleka mgonjwa Mweso na kumrudisha salama kila aliyempeleka. Alichomelea ngobi ya chuma ubavuni mwa pikipiki, na gurudumu la tatu chini yake. Dereva mmoja, mgonjwa mmoja. Hakuna mabega ya kukamatwa. Nikiri kwamba kilikuwa kizuri, hata mimi nilikaa humo akanizungusha uwanja wa kanisa, watoto wakitufuata wakicheka.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa Mukashema, mke wa Nzabandora, mkubwa wa chama cha wabebaji wa ngobi. Mtoto alikataa kutoka. Nzabandora hakukitaka kile chombo, ila uchungu wa mkewe ulimshinda, akakubali.

Kwenye barieri yule mlinzi alizunguka pikipiki, akalipiga teke gurudumu la tatu.

"Hii iko nini?"

"Ni ngobi, kaka," Valens akasema. "Niko na mugonjwa."

"Ngobi inabebwaka ku mabega. Hii iko engin, kitu ya moteri. Engin ni yetu."

Walipindua ile ngobi kama mtu anavyomwaga takataka. Mukashema alianguka tumbo chini. Valens alipomrukia yule mlinzi, wakamshukia watatu, wakamvunja meno ya mbele na vidole viwili, wakaondoka na pikipiki. Wapita njia walimbeba Mukashema. Yeye alipona. Mtoto, wa kiume, alikuwa amekufa.

Nzabandora aliteremka mlimani na panga. Nilimwona akija, nikapiga kelele, lakini Valens alitoka nje akasimama, mdomo umevimba, mikono chini. Mwanamume gani husimama hivyo? Nzabandora alimkata begani, nyama ikafunguka nikaona mfupa.

"Weye njo uliua mutoto wangu! Nani alikuambia utoe ngobi ku mabega ya batu?"

Aliinua panga tena. Nilikuwa na mchi mkononi, nilikuwa nikitwanga sombe, majani ya muhogo. Nilimpiga nao mgongoni kwa nguvu zangu zote, akaanguka, nikampiga tena akiwa chini, na ningeendelea kama majirani hawangenishika. Sikuona haya, na leo bado sioni. Vijana wa chama walikuja wakavunja ateliya, wakatupa jenereta mtoni.

Nilimwambia Valens tuhame. Twende Goma, twende kokote, watu hawa hawakutaki.  Bega lilipopona, akateremka mtoni kwa kamba na kuipandisha jenereta.

"Yule mulinzi alisema kweli," akaniambia siku moja, akisafisha matope kwenye koili.

"Yule mbwa?"

"Njo yeye. Ngobi iko ya mabega. Basi inapaswa itoke ku pikipiki, ipande ku mabega, irudi tena ku pikipiki."

Alitafuta pikipiki nyingine, na safari hii hakuichomelea ngobi. Aliikalisha kwenye vikombe vinne vya chuma, akaifunga kwa pini nne. Kabla ya kona ya barieri mnachomoa pini, wanaume wanne wanaweka ngobi mabegani, wanapita kama baba zao walivyopita, na Valens anafuata nyuma akisukuma pikipiki mbovu. Naam, mbovu. Alikuwa anachomoa buji, ile plagi ya kuwashia, na kuitia mfukoni, na gurudumu la tatu analikunja chini ya keria, ili mlinzi akikanyaga isiwake na aone si kitu cha kuiba. Baada ya kona wanarudisha kila kitu. Kurudi kwao Valens aliwapitisha wale wanne kijia cha msituni, akabaki barabarani yeye na chuma chake. Ilifaulu. Ilifaulu mara nyingi, na watu waliovunja ateliya wakaanza kuleta wagonjwa wao, wakisalimia kwa kuangalia chini. Nzabandora peke yake hakukanyaga pale.

Kisha kundi jingine la wenye bunduki likaja kupigania mlima, na risasi zikapita katikati ya mashamba wakati wa kupalilia maharagwe. Wanaume wote wakaingia porini, kwa kuwa kila mwanamume aliyeonekana alikuwa anakamatwa. Mukashema alitokea ateliya analia, damu mpaka magotini. Haikuwa yake. Alikuwa amemburuta mumewe hadi pale, naye Nzabandora amepigwa risasi pajani, juu, damu inatoka kwa kuruka.

Nilisimama mlangoni. "Hapana. Mutafute mwingine. Weye, Valens, angalia bega yako kwanza."

Alikuwa ameshaanza kusukuma pikipiki nje. "Gentille, nilifungula ateliya ya bagonjwa. Sikuifungula ya barafiki."

"Na batakuua!"

"Nani atabeba pale barieri?" akauliza. Hakukuwa na mwanamume. Kwetu mwanamke habebi ngobi, haijawahi kuonekana. Mukashema akasema atabeba. Majirani wawili wanawake wakasema watabeba. Wakaniangalia. Nilimtukana Valens, nikamtukana Nzabandora aliyelala pale akiwa amepauka midomo, kisha nikafunga kitenge changu vizuri nikatangulia kukimbia kuelekea barieri.

Kabla ya kona tulichomoa pini na kuinua. Nzabandora ni mtu mzito. Mti ulinikaa kwenye mfupa wa bega nikaona nyota. Walinzi walikuwa wapya, vijana wenye macho mekundu. Mmoja alicheka.

"Banamuke banabeba ngobi? Dunia imeisha! Mupite, ba mama."

Tukapita. Nilisikia nyuma yangu sauti ya mwingine akimwambia Valens asimame, awashe pikipiki. Valens akasema imekufa. Nikasikia kanyagio. Ikawaka kwa teke moja tu, ikanguruma vizuri kama alivyozoea kuzifanya zingurume. Alikuwa ameshughulika kufunga paja la Nzabandora kwa mikono yote miwili, akasahau kuchomoa buji.

"Unatudanganya, weye?"

Ukaja mlio mmoja. Si kama ile ya mashambani. Huu ulikuwa karibu, na baada yake pikipiki ikaendelea kunguruma peke yake.

Nzabandora aliinua kichwa. Yeye alikuwa anatazama nyuma, aliona. "Munishushe," akasema. "Gentille, nishushe, urudi kwa bwana yako."

Tulikuwa wanne, na miti ya ngobi ina ncha nne. Nikiachia yangu, anaanguka, na damu ile ambayo Valens ameizuia kwa mikono yake inafunguka. Mukashema alikuwa mbele yangu, hakugeuka. Nilimwambia Nzabandora anyamaze. Nilimwambia akifungua mdomo tena nitamuua mwenyewe. Tukatembea. Nililia kwa sauti njia nzima, makamasi yananiingia mdomoni, wala hakukuwa na mkono wa kujifuta.

Hospitali walimpokea mbio. Muuguzi mmoja alinishika kiwiko akauliza yule mgonjwa ni nani wangu, mume au kaka?

"Ni mugonjwa ya bwana yangu," nikasema.

Akauliza bwana yuko wapi.  Nilichukua ncha yangu ya ngobi, Mukashema akachukua yake, na wale jirani wawili zao, tukarudi barieri kumbeba.