Msusi Anayeng'ata Kitana

Msusi wetu, tangu aokoke, ana tabia ya kung'ata kitana. Zamani nani kaachwa na nani kahamia kwa nani uliyapata yote kabla hajamaliza kugawa nywele za kisogoni. Sasa umbea ukianza tu, kitana hupanda mdomoni, meno yakakaza, na vidole vikasuka kwa kasi ya mtu anayekimbizwa na shetani. Wokovu huu, nasema mimi, unakula plastiki.

Juzi tulimjaribu vibaya. Simu zetu zote zilikuwa na klipu ya binti wa jirani akimlilia mchumba aliyemwacha, kando ya barabara, viatu mkononi. Shoga yangu akamsogezea msusi simu hadi puani. "Mama Mchungaji, chungulia kidogo tu, Mungu mwenyewe yuko bize." Kitana kikalia kati ya meno. Tukacheka. Ndipo binti huyo huyo akatokea mlangoni, kajifunga kitambaa kichwani. Akatuona na simu zetu, akaanza kurudi nyuma.

Msusi akatoa kitana mdomoni, akakifutia kwenye aproni. "Unakwenda wapi, mwanangu? Njoo nikufumue." Akamkalisha, akamshika kichwa kwa viganja viwili kama anayepima homa ya mtoto. "Hapa mbele zimekatika. Tutazilea, zitarudi."

Binti akashusha pumzi, na mabega nayo. Shoga yangu, aliyekuwa kwenye foleni tangu asubuhi, akatumbukiza simu mkobani, akakohoa.

"Mie sina haraka. Mmalize yeye kwanza."