Siku Nilipodai Nasoma Nota

Hii aibu nimekaa nayo miezi saba, na ninaisimulia sasa kwa sababu Anti Rhoda ameanza kuisimulia kwa njia yake, na kwa njia yake mimi ni mjinga kuliko nilivyokuwa.

Nilikuwa mwaka wa kwanza wa unesi kwenye koleji moja hapa London, naishi kwa Anti kule Thamesmead, nikaona tangazo kwamba bendi ya koleji ya vyombo vya kupuliza inatafuta wapigaji. Tarumbeta nimepiga kanisani kwetu Kakamega tangu darasa la sita, lakini tulijifunza kwa masikio (mwalimu anapiga, unarudia, ukikosea anakutazama hadi upatie). Sasa fomu ikauliza kama nasoma nota, na ukijibu hapana kuna nafasi ya kueleza. Mimi nilikuwa nimetoka zamu ya kutunza wazee, miguu inauma, sina nguvu ya kumweleza mtu chochote kwa Kiingereza, nikaweka alama kwenye ndiyo.

Ningeweza kujitoa, lakini Anti alikuwa amewaambia kina mama wa maombi, wakafunga naye siku nzima kwa ajili yangu, na siku ya usaili akaja nami amevaa kilemba chake cha kwendea harusi, akakaa koridoni mlango ukiwa wazi.

Mwalimu wa bendi, mzee mmoja mpole aitwaye Gerald, akanikaribisha. Wimbo niliojiandalia (niliusikiliza kwenye simu wiki tatu, hadi jirani wa chini akaanza kuuimba) niliupiga vizuri, hapo sitajishusha. Kisha akaweka karatasi mpya mbele yangu.

"Sasa tusome hii pamoja," akasema. "Mimi nitapiga piano."

Pale ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Badala yake nilirekebisha stendi, nikakunja uso kama mtu anayesoma mkataba, nikamwomba atangulie nipate mwendo. Akaanza, masikio yangu yakashika, nikaingia na tarumbeta kwa nguvu zote, napamba huku, napamba kule, nimefumba macho (mtu anayesoma, amefumba macho), na kusema kweli ilikuwa tamu.

Gerald akaacha piano. "Samahani, uko wapi hapo?"

"Niko hapa hapa," nikasema, nikaweka kidole kwenye karatasi.

Akainuka, akaja kutazama. "Hilo ni jina la mtunzi," akasema taratibu. "Na ukurasa huu wote, tarumbeta imeandikiwa inyamaze."

Mwenye akili angekoma hapo. Mimi nikamwambia kwamba kwetu sehemu kama hizo huwa tunazijaza. Akaniuliza kama kweli nasoma nota, nikaisikia sauti yangu ikijibu, "Nasoma, lakini si za huku."

Anti, aliyeona tu kwamba mwalimu amesimama, akapiga makofi. Nilipotoka na jasho langu alikuwa ameshaliandikia kundi la kanisa kwamba nimepita, na simu yangu ilijaa pongezi, moja ya mama yangu kutoka Kakamega. Sikumsahihisha mtu.

Ijumaa barua pepe ikaja: kwenye bendi sikupata nafasi, ila nakaribishwa darasa la wanaoanza nota, Jumamosi asubuhi (ambako, nilikuja kugundua, aliyenikaribia kwa umri alikuwa na miaka tisa). Na Jumapili pasta akaniita mbele nitoe ushuhuda. Nikashika maiki, nikamwona Anti akinirekodi, nikasema yote, hadi lile jina la mtunzi. Kanisa zima likacheka isipokuwa yeye.

Kwenye basi aliitia simu mkobani. "Nilikaa na njaa siku nzima," akasema, "na wewe hujui kusoma."

"Nisamehe, Anti."

"Hilo darasa ni saa ngapi?"

"Saa nne."

"Nitakuamsha."

Tangu hapo nikiulizwa kama najua kitu nisichokijua, nasema sijui. Ni neno moja tu na halihitaji mazoezi, ingawa mara ya kwanza kulitamka nilihitaji maiki na watu mia.