Ganzi ya Fundi Wilibrodi

Wilibrodi Sulle alikuwa fundi wa gereji moja pale Karatu, kando ya barabara inayopanda kwenda Ngorongoro, na madereva walimfuata kwa ajili ya mkono wake. Landrova za petroli zina menifoldi, kifaa chenye matawi kinachoingiza hewa na mafuta kwenye injini. Nati zake hazitaki ubabe. Ukizilegeza, injini inavuta hewa pembeni na kupiga mluzi. Ukizikaza mno, sikio la menifoldi linapasuka, maana ni aluminiamu. Unaanza na za katikati, unatoka kuelekea pembeni, kidogo kidogo. Gereji ilikuwa na toki renchi, ile spana ndefu yenye mshale wa kuonyesha umekaza kwa nguvu kiasi gani, lakini Wilibrodi hakuigusa. Vidole vyake, alisema, vinajua nati imekolea.

Mwaka 1982, baada ya mavuno, mkewe Antonia aliona baka kwenye mkono wa kulia wa mumewe, limepauka kama udongo mkavu. Wilibrodi akasema ni petroli. Wiki chache baadaye Antonia alimwona akiipua sufuria ya uji kwa mikono mitupu na kuibeba hadi mezani bila haraka yoyote.

“Baba Lusia,” alimwambia watoto walipotoka, “hukuungua?”

“Mikono ya fundi ni migumu.”

Lakini alijua. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa kama vya mtu mwingine, na vifungo vya shati alivifunga kwa kuvitazama. Kule Kansay alikozaliwa, mjomba wake alijengewa kibanda cha peke yake ng’ambo ya shamba, chakula chake kikiachwa juu ya jiwe. Ugonjwa ule haukutajwa jina nyumbani. Naye hakulitaja.

Alhamisi moja Parsimei, dereva wa zahanati moja ya kule juu Ngorongoro, alileta Landrova iliyoungua gasketi ya menifoldi, ile karatasi ngumu inayoziba hewa isivuje. Wilibrodi akabadilisha gasketi, akaanza kukaza. Alisubiri vidole vimwambie pa kuachia. Vikakaa kimya. Akaongeza kidogo. Kimya. Akaongeza tena. Kwenye nati ya mwisho alisikia mlio mdogo, kama punje ya hindi inayovunjwa kwa jino. Aliinama akatafuta ufa, hakuuona. Parsimei alikuwa ameshaketi kwenye usukani, na injini ikawaka vizuri. Wilibrodi akafunga boneti.

Kwa siku tatu, kila gari lililoteremka kutoka geti la Ngorongoro lilimfanya ainue kichwa.

Siku ya nne Parsimei alifika kwa lifti ya lori, akiwa na menifoldi ndani ya gunia. Aliiweka mezani. Sikio moja lilikuwa limekatika. Akaeleza polepole, bila kupandisha sauti. Alikuwa akimteremsha hospitali Nareyu, mwanamke aliyeshikwa na uchungu tangu jana yake. Kwenye ukingo wa kreta, ndani ya ukungu, injini ilianza kupiga mluzi, ikakohoa, ikazima. Hakuona hata mwisho wa boneti. Nyati walikuwa karibu kiasi kwamba alisikia wanavyong’oa majani. Alifunga lile sikio kwa waya na vipande vya mpira wa tairi, na kazi hiyo ikamla nusu ya asubuhi. Injini ilipokubali, mama yake Nareyu, aliyeketi naye nyuma, alikuwa ameacha kumsemesha binti yake.

“Nareyu amepona,” Parsimei alisema. “Mtoto hapana.”

Wilibrodi aliegemea injini ya lori aliyokuwa akiipima, inaunguruma.

“Ni wewe uliyekaza?” Parsimei aliuliza.

“Ni mimi.”

Parsimei alikuwa wa kwanza kusikia harufu. Akatazama chini, akaona kiganja cha Wilibrodi kimelala juu ya bomba la ekzosi, kinatoa moshi. Aliuvuta mkono ule kwa nguvu. Wote wawili wakautazama, ngozi imebabuka, na mwenye mkono hata hakukunja uso. Parsimei akauachia taratibu, kisha akafuta mikono yake kwenye suruali.

Tabibu aliyemfunga jeraha alimfumbisha macho, akamgusagusa kwa pamba, akasema ni ukoma, na kwamba dawa zitauzuia lakini hazitarudisha kilichokwisha kufa. Antonia alipoambiwa alilia kidogo, halafu akauliza habari za watoto tu.

Wilibrodi alirudi kazini. Sasa alikaza kwa toki renchi, akisoma mshale kwa sauti. Baadhi ya madereva walihamia gereji nyingine. Parsimei aliendelea kuja, ila alisimama kando ya boneti na kuutazama mshale hadi nati ya mwisho. Wilibrodi aliuliza habari za Nareyu mara moja tu. Akajibiwa kwamba yupo, hasemi sana.

Nyumbani, kila Jumapili baada ya misa, aliwapanga watoto mlangoni kwenye mwanga, macho wamefumba, akawagusa kwa unyoya wa kuku. Bega, walisema. Kiwiko. Mgongo. Wadogo walidhani ni mchezo, wakacheka. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miaka miwili.

Jumapili moja ya Machi, Thomasi, mtoto wa mwisho, alisimama kimya muda mrefu, macho kayafumba kwa nguvu.

“Baba, anza basi,” alisema.

Wilibrodi alikuwa ameshamgusa mara tatu. Kesho yake, kabla milango haijafunguliwa, walikuwa wa kwanza kwenye foleni ya tabibu.